Kitanzi Bila Kiapo: Nani Aliwafanya Viongozi wa Meru na Kilimanjaro kuwa Waasi?

Muulize mwanafunzi yeyote wa chuo kikuu hapa Arusha amtaje mtu aliyeuawa kikatili kwa kosa la kuasi dola, na kuna uwezekano mkubwa atakutajia William Wallace wa Uskoti. Filamu ya Braveheart ya mwaka 1995 imefanya kazi yake. Kisha muulize ni nani aliyekuwa Mangi wa Wameru mwezi Machi mwaka 1900, na kifo chake kilikuwaje. Mara nyingi utajibiwa kwa kimya, hata na kijana aliyezaliwa Poli au Nkoaranga, mwendo mfupi kutoka mahali mkasa huo ulipoanzia.

Simlaumu kijana huyo. Hajafundishwa. Lakini kimya hicho kina sababu zake, nazo zinastahili kuchunguzwa kwa makini na kila anayejishughulisha na haki, utawala au sheria katika nchi hii. Makala haya yanawaweka pamoja Wallace wa Uskoti na viongozi wa Meru, Arusha na Kilimanjaro walionyongwa na Wajerumani, ingawa kati yao kuna karibu miaka mia sita. Hoja yangu ni moja: katika pande zote mbili, namna ya kuua ilikuwa namna ya kudai umiliki juu ya watu ambao hawakuwa wamekubali kumilikiwa. Na kila tunapowaita watu hao "waasi" bila kutafakari, tunaisoma hukumu ya mnyongaji kana kwamba ndiyo historia.

Smithfield, 1305

Mwaka 1296 Mfalme Edward I wa Uingereza aliivamia Uskoti, akamwondoa madarakani Mfalme John Balliol, na wakubwa wa nchi hiyo wakatakiwa kumwapia utii. Majina ya walioapa yaliorodheshwa. Jina la Wallace halimo. Tarehe 11 Septemba 1297, yeye na Andrew Moray waliwashinda Waingereza katika daraja la Stirling. Tarehe 22 Julai 1298 naye akashindwa katika uwanja wa Falkirk. Aliendelea na harakati zake kwa miaka mingine saba, hadi mwezi Agosti 1305 alipokamatwa karibu na Glasgow. Aliyehusika kumtia mikononi mwa Waingereza alikuwa Mskoti mwenzake, John de Menteith. Wahenga walishasema: kikulacho ki nguoni mwako.

Tarehe 23 Agosti 1305 alifikishwa katika Ukumbi wa Westminster, London. Hapakuwa na kesi kwa maana tunayoijua leo. Mashtaka yalisomwa, hukumu ikatolewa, na utekelezaji ukafanyika siku hiyohiyo. Katika yote aliyoshtakiwa, Wallace alilikana hasa kosa la uhaini. Hoja yake ilikuwa fupi na nzito: hakuwahi kumwapia Edward utii, kwa hiyo asingeweza kumsaliti.

Hoja hiyo haikusikilizwa. Aliburutwa na farasi katika mitaa ya London hadi Smithfield. Alinyongwa, akashushwa akiwa bado hai, akahasiwa, akatumbuliwa matumbo, na matumbo yake yakachomwa moto. Kisha kichwa kilikatwa na kiwiliwili kikagawanywa vipande vinne. Kichwa kilitundikwa juu ya daraja la London. Vipande vilipelekwa Newcastle, Berwick, Stirling na Perth.

Msomaji asiuone ukatili huu kuwa ni hasira tupu za mfalme. Adhabu hiyo ilikuwa na mpangilio, na kila hatua ilikuwa na maana yake katika hukumu: kuburutwa ni kwa ajili ya uhaini, kunyongwa ni kwa ajili ya uporaji na mauaji, kuchomwa kwa matumbo ni kwa ajili ya makosa dhidi ya Kanisa, na kusambazwa kwa viungo ni kwa ajili ya kuwaonya wengine. Miaka 22 kabla, mwaka 1283, Edward alikuwa amemfanyia vivyo hivyo Dafydd ap Gruffydd, mtawala wa Wales. Ukiitazama miji ile minne katika ramani, utaona kwamba mwili wa Wallace uligeuzwa kuwa ramani ya mamlaka: popote kilipofika kipande, pametangazwa kuwa ni pa Edward. Kile ambacho kiapo hakikuthibitisha, mwili uliokatwakatwa ulilazimishwa kukithibitisha.

Akeri, 1896

Tuje nyumbani. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuchora mpaka uliouacha mlima Kilimanjaro, na Meru pia, upande wa Wajerumani. Hakuna Mmeru wala Mwarusha aliyekuwapo katika makubaliano hayo. Kilimanjaro kwenyewe, Mangi Rindi wa Moshi, anayejulikana pia kama Mandara, alikuwa ametia mkataba na wakala wa kampuni ya Kijerumani mwaka 1885. Kwa upande wa Meru na Arusha, watu walikuja kuufahamu utawala huo mpya kwa kuona moshi wa nyumba za majirani.

Na waliyoyaona yalikuwa mengi. Mwezi Februari 1891 Hermann von Wissmann alimshambulia na kumshinda Mangi Sina wa Kibosho. Mwezi Juni 1892 Mangi Meli, mwana wa Rindi, alilishinda jeshi la Wajerumani lililokuwa likiongozwa na von Bülow, ambaye alifariki kutokana na majeraha. Kwa muda Wajerumani walilazimika kuondoka mlimani. Walirudi mwezi Agosti 1893 wakiongozwa na Gavana von Schele mwenyewe, na safari hii Meli alishindwa akasalimu amri.

Basi mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipofika Akeri kwa nia ya kufungua kituo, hawakuja katika nchi isiyojua Mzungu ni nani. Kapteni Kurt Johannes, mkuu wa kituo cha kijeshi cha Moshi, naye alikuwa na kikosi chake jirani. Kwa wapiganaji wa Kiarusha wa rika la Talala na wenzao wa Meru, tofauti kati ya kambi ya mwenye Biblia na kambi ya mwenye bunduki haikuwa dhahiri. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba waliwaua wamisionari hao pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao.

Hapa mwandishi wa historia hana ruhusa ya kupindisha maneno. Ovir na Segebrock hawakuja kupigana, na kuuawa kwao usingizini ni jambo la kusikitisha. Kanisa linawakumbuka kama wafia dini, na lina haki ya kufanya hivyo. Lakini swali la mauaji hayo na swali la yaliyofuata ni maswali mawili tofauti.

Yaliyofuata yalikuwa adhabu ya watu wote. Johannes aliwakusanya askari wake na wapiganaji wengi wa Kichaga, akaingia Meru na Arusha. Nyumba zilichomwa, migomba ikafyekwa, mifugo ikatekwa kwa wingi mkubwa, na watu wakauawa bila kuulizwa nani alishiriki na nani hakushiriki. Kwa jamii inayoishi kwa mgomba na ng'ombe, kufyeka shamba na kuswaga zizi ni kuiadhibu hadi watoto ambao hawajazaliwa. Hapakuwa na shtaka wala mshtakiwa. Mlima mzima ulihesabiwa kuwa na hatia.

Zingatia pia kwamba wengi wa waliotumwa kufanya kazi hiyo walikuwa Waafrika, Wachaga waliokuja kwa amri ya watawala wao, wakivutwa na ahadi ya ng'ombe na uadui wa zamani. Hakuna mkoloni aliyewahi kuitawala Afrika Mashariki kwa mikono yake mwenyewe. Jambo hili tulikumbuke, kwa sababu miaka minne baadaye kitanzi hakikubagua kati ya Mchaga, Mmeru na Mwarusha.

Moshi, 2 Machi 1900

Mwishoni mwa karne ile mambo yalizidi kukaza. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilianzisha kodi ya nyumba. Kazi za shuruti za kujenga maboma na barabara ziliongezeka. Katika hali hiyo zilianza kuvuma habari kwamba watawala kadhaa wa Kilimanjaro na Meru walikuwa wakipanga kwa siri kuwashambulia Wajerumani. Historia ya Uchaga inamtaja Mangi Marealle wa Marangu, hasimu wa Meli na rafiki wa karibu wa Johannes, kuwa ndiye aliyezifikisha habari hizo kunakohusika. Iwapo njama hiyo ilikuwapo kweli, na kwa kiasi gani, ni jambo ambalo halikuthibitishwa mbele ya chombo chochote huru. Shahidi mkuu alikuwa mtu aliyetarajia kufaidika na vifo vya watuhumiwa.

Tarehe 2 Machi 1900, Old Moshi, watu 19 walinyongwa hadharani. Miongoni mwao walikuwamo Mangi Meli wa Moshi, Mangi Molelia wa Kibosho, Mangi Ngalami wa Siha, Mangi Lobulu wa Meru, na viongozi wa Waarusha. Watu waliamriwa kushuhudia. Masimulizi ya wenyeji wa Old Moshi yanasema kwamba Meli alikaa kitanzini kwa saa kadhaa kabla ya kukata roho. Mti unaotajwa kuwa ndio walionyongewa bado unaoneshwa pale Tsuduni.

Siku moja, mti mmoja, watu 19. Kwa Wameru na Waarusha, maana ya siku hiyo haikuwa kifo cha watu kadhaa tu. Ilikuwa ni kukatwa kichwa kwa jamii nzima: waliojua mipaka ya ardhi, waliojua mashauri ya koo, waliokuwa na mamlaka ya kusema na kusikilizwa, wote kwa pamoja wakaondolewa. Waliobaki wakajifunza kwamba mtawala wa mlimani sasa huwekwa na kuondolewa kutoka bomani.

Je, walikuwa waasi?

Turudi kwenye hoja ya Wallace, kwa sababu ndiyo ufunguo wa jambo lote. Uasi, na zaidi uhaini, ni kosa la mtu aliyefungwa na utii. Jirani yako akiingia shambani kwako kwa nguvu nawe ukamfukuza, hakuna atakayesema umemwasi. Umejitetea. Ili uitwe mwasi, ni lazima kwanza pawe na uhusiano halali uliouvunja.

Upande wa Meru, uhusiano huo ulitoka wapi? Mkataba wa mwaka 1886 ulitiwa saini na Ulaya peke yake. Kilichotokea mwaka 1896 kilikuwa ushindi wa kivita dhidi ya jamii isiyokuwa imeapa wala kutia saini chochote. Mtu anaweza kudai kwamba Meli alikuwa na hali tofauti: baba yake aliweka mkataba, naye mwenyewe alisalimu amri mwaka 1893. Hoja hiyo ina uzito kiasi, na haifai kupuuzwa. Hata hivyo, kusalimu amri mbele ya mzinga si sawa na kukubali kutawaliwa, na hata tukikubali kwamba alifungwa na ahadi, bado ilipaswa kuthibitishwa kwamba aliivunja. Neno la hasimu wake halitoshi kumnyonga mbwa, seuze mtawala wa watu.

Hapa ndipo mbinu ya kuua inapokuja kufanya kazi ambayo sheria haikuifanya. Dola yenye uhakika wa mamlaka yake haina haja ya kumkata mtu vipande vinne, wala kunyonga watu 19 kwa mpigo mbele ya umati ulioswagwa. Inahitaji kufanya hivyo ile ambayo mamlaka yake hayajaaminika. Kitanzi cha Moshi hakikuwa adhabu ya kuvunja utii. Kilikuwa jaribio la kuuzalisha utii ambao haujawahi kuwapo. Waliolengwa hawakuwa wale 19. Walilengwa waliosimama chini ya mti wakitazama.

Ndiyo maana nasisitiza suala la istilahi. Vitabu vyetu vimejaa maneno "uasi wa Abushiri", "uasi wa Maji Maji", "waasi wa Meru". Maneno hayo yalitoka katika ripoti za maofisa waliokuwa wakieleza kwa nini waliua. Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, alipigana na kampuni ya biashara iliyopewa mwambao na Sultani ambaye hakuwauliza watu wa mwambao. Kumwita mwasi ni kutoa hukumu bila kusikiliza kesi. Neno "vita" lipo. Neno "upinzani" lipo. Lugha yetu haina upungufu. Upungufu uko katika mazoea yetu.

Kichwa cha darajani na kichwa cha sandukuni

Kuna tofauti moja kubwa kati ya Smithfield na Moshi. Kichwa cha Wallace kilitundikwa juu ya daraja ili kitazamwe na kila apitaye. Kila aliyekitazama alijua ni cha nani. Ukatili ule, pamoja na uchafu wake wote, ulilihitaji jina la marehemu. Edward alitaka watu wakumbuke.

Viongozi wa Kilimanjaro na Meru walifanyiwa jambo jingine. Katika miaka ile, mtaalamu Felix von Luschan alikuwa akikusanya mjini Berlin mafuvu ya watu kutoka makoloni, ili yapimwe na kulinganishwa kwa ajili ya elimu ya mbari ambayo leo hakuna mwanasayansi makini anayeitetea. Maofisa na madaktari wa makoloni walimpelekea. Familia za Old Moshi zimeshikilia kwa zaidi ya karne kwamba kichwa cha Meli kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na mjukuu wake ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kukitafuta.

Mwezi Septemba 2023 taasisi ya Ujerumani inayotunza makumbusho na urithi wa Prussia ilitangaza kwamba uchunguzi wa vinasaba umewezesha kuwatambua ndugu walio hai, hapa Tanzania, wa watu watatu ambao mafuvu yao yamo katika mkusanyiko huo. Fuvu mojawapo lilikuwa limeandikwa neno "Akida", na limetambuliwa kuwa la mshauri wa karibu wa Mangi Meli. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikupatikana katika uchunguzi huo. Watatu, katika mkusanyiko wa mafuvu zaidi ya elfu moja kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Basi Edward alimkata Wallace vipande na kulihifadhi jina lake. Wajerumani waliwahifadhi wahanga wao mafuvu na kuyafuta majina yao. Nikiulizwa ni ukatili upi uliodumu zaidi, sitasita kujibu. Jina la Wallace liliendelea kuishi katika tungo na masimulizi ya Waskoti, na mwaka 1869 mnara mkubwa ulikamilishwa karibu na Stirling kwa heshima yake. Mtu aliyegeuzwa kuwa namba ndani ya sanduku hawezi kujengewa mnara mpaka kwanza arudishiwe jina, na kumrudishia jina kumehitaji maabara.

Tumewahi kuona kwamba kurudisha kunawezekana. Kichwa cha Mkwawa wa Uhehe, aliyejiua mwaka 1898 badala ya kukamatwa, kilitajwa katika Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kikitakiwa kurejeshwa ndani ya miezi sita. Kilirejea Kalenga mwezi Juni 1954. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi mjini Songea mbele ya familia ya Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906. Kuomba radhi ni hatua, na aliyeipiga apongezwe. Lakini radhi haifukiwi kaburini. Kinachofukiwa ni mabaki.

"Lakini ndivyo nyakati zile zilivyokuwa"

Wapo watakaosema kwamba si haki kupima matendo ya mwaka 1900 kwa mizani ya leo. Nawajibu kwa mfano wa Kilimanjaro hiyohiyo. Carl Peters, ambaye watu wetu walimpa jina la "mkono wa damu", aliwanyonga mtumishi wake aliyeitwa Mabruk na msichana aliyeitwa Jagodja katika kituo chake cha Kilimanjaro mnamo mwaka 1891 na 1892. Mwaka 1896, mwaka uleule wa Akeri, mbunge August Bebel aliianika habari hiyo katika Bunge la Ujerumani. Mwaka 1897 Peters alifukuzwa katika utumishi wa serikali.

Kwa hiyo Wajerumani wa nyakati zile walijua. Miaka mitatu kabla ya mti wa Tsuduni, dola yao ilikuwa imekiri rasmi kwamba kuna kunyonga ambako ni uovu. Mizani ilikuwapo, ila haikutumika pale aliyenyongwa alipopachikwa jina la mwasi. Hiyo ndiyo nguvu ya neno hilo: humtoa mtu nje ya ua wa sheria kabla sheria haijafungua kinywa.

Walichotuachia

Mwaka huohuo wa 1900 boma la Wajerumani lilisimamishwa Arusha kwa jasho la Waarusha na Wameru waliolazimishwa kubeba na kujenga. Jengo hilo bado lipo, mwishoni mwa Barabara ya Boma, na leo ni Makumbusho ya Taifa ya Elimu ya Viumbe. Humo ndani mgeni huelezwa chimbuko la binadamu na mafuvu ya kale ya bonde la Olduvai. Ni elimu yenye thamani. Lakini ni jambo la kutafakarisha kwamba katika jengo lililojengwa na waliofiwa tunamfahamu kwa undani binadamu wa miaka milioni moja na zaidi iliyopita, huku wale 19 wakiwa bado hawajapata nafasi wanayostahili katika fikra zetu.

Jambo la pili walilotuachia ni ardhi. Baada ya viongozi kuondolewa, sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya chini ya mlima Meru iligawiwa walowezi, wakiwamo Makaburu waliotoka Afrika Kusini. Waingereza walipoichukua nchi hawakuufuta mpango huo, waliuendeleza. Kuanzia mwezi Novemba 1951 wakazi wapatao 3,000 wa Ngarenanyuki waliondolewa kwa nguvu ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu. Safari hii Wameru hawakushika mikuki. Walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet, akifuatana na mwanasheria Earle Seaton, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York. Ardhi haikurudishwa siku ile. Hata hivyo, mtoto wa Meru alikuwa amepata kile ambacho Lobulu hakukipata: mahali pa kusema, akiwa mlalamikaji mwenye jina, mbele ya watu wasiokuwa washitaki wake.

Jambo la tatu ni sheria, nalo linawahusu moja kwa moja watumishi wa umma na wanaharakati wanaosoma ukurasa huu. Mwaka 1351 Bunge la Uingereza, chini ya Edward III, mjukuu wa yule aliyemuua Wallace, lilitunga sheria ya kuainisha uhaini ni nini. Fikra za sheria hiyo zilisafiri na dola ya Uingereza, zikafika Tanganyika, na zimo katika Kanuni yetu ya Adhabu. Kifungu cha 39 kinamhusu mtu aliye chini ya utii wa Jamhuri ya Muungano, na adhabu inayotajwa ni kifo. Utii kwanza, ndipo uhaini. Hoja ya Wallace, iliyopuuzwa Westminster, imo ndani ya maneno ya sheria yetu wenyewe.

Kwa hiyo tunapaswa kuwa waangalifu mara mbili. Kwanza, utii wa raia wa Jamhuri haufanani na ule aliodaiwa Lobulu. Huu wa sasa unatokana na katiba, na katiba inamfunga pia anayetawala. Pili, neno "uhaini" lisiwe fimbo ya kumchapia kila mwenye kukosoa, kwa maana mtawala anayelitumia hivyo anajishusha kutoka kwenye katiba na kurudi chini ya mti wa Tsuduni.

Na kuhusu kitanzi chenyewe: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapahapa Arusha, iliamua mwezi Novemba 2019, katika shauri dhidi ya Tanzania, kwamba adhabu ya lazima ya kifo inakiuka haki ya kuishi, na kwamba kunyonga ni njia inayomdhalilisha binadamu. Nchi yetu haijamnyonga mtu tangu mwaka 1994. Lakini adhabu bado imo katika vitabu, na wapo wanaoamka kila siku wakiwa wamehukumiwa. Ni katika mji huu, chini ya mlima huu, kunyonga kulikotumika kutufanya watawaliwa kumetajwa na mahakama ya Waafrika kwa jina lake halisi.

Nini kifanyike

Sina mapendekezo makubwa, nina madogo yanayowezekana. Majina ya wale 19 yaandikwe ukutani katika boma la Arusha, kwa Kiswahili, mahali ambapo watoto wa shule huingia. Walimu wa historia wawape wanafunzi zoezi la kuchunguza neno "uasi" katika vitabu vyao na kuuliza kila mara: aliyeasiwa aliapiwa na nani? Serikali yetu isingoje hisani kuhusu mabaki yaliyoko Berlin; iwe na madai yaliyoandikwa, yenye ratiba, na familia za Meru na Arusha zihusishwe sawa na zile za Kilimanjaro, kwa sababu waliokufa walikufa pamoja. Na Bunge liitazame upya adhabu ya kifo, likijua kwamba halijadili jambo geni lililoletwa na wafadhili, bali jambo ambalo babu zetu walilishuhudia kwa macho.

Waskoti hawakumfanya Wallace shujaa kwa sababu aliuawa vibaya. Waliouawa vibaya ni wengi, na wengi wamesahaulika. Walimfanya shujaa kwa kukataa kulikubali shtaka. Mangi Lobulu wa Meru alinyongwa tarehe 2 Machi 1900 kwa kumwasi mtawala asiyemwapia. Shtaka hilo bado liko wazi mezani petu, na sisi ndio wa kulifuta.